Rafiki wa kalamu wa binti yangu anaomba picha na anwani. Nikate au tuendelee?

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Binti yangu ana miaka 11. Mwaka jana mwalimu wake aliwaunganisha wanafunzi na wenzao wa shule ya nchi nyingine ili wawe wanaandikiana barua. Zote zilipitia kwa mwalimu. Mwalimu akahamishwa, mpango ukafa, lakini wangu na mwenzake hawakukubali kuachana. Wakaendelea kwa barua pepe yangu, na mimi ndiye niliyeruhusu. Mwenzake anasema ana miaka 12.

Mpaka mwezi uliopita sikuwa na neno. Mtoto amependa kuandika, anakaa na kamusi, anauliza mambo ambayo sikuwahi kumsikia akiuliza. Sasa imekuja barua iliyoninyima usingizi. Mwenzake anaomba mambo matatu: wahamie kwenye programu ya ujumbe "maana barua pepe ni ya wazee na mama yako anasoma", amtumie picha akiwa na sare ya shule, na ampe anwani ya nyumbani ili amtumie zawadi ya siku ya kuzaliwa.

Baba yake amesema basi, vyote vifungwe leo. Mtoto amelia mpaka macho yamevimba. Nitajuaje kama huyo ni mtoto kweli? Tukiendelea, tuendelee vipi? Na je, ni sawa nisome barua zake zote, au ninamnyima haki yake?

Mama Njia Panda

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua hiyo usiijibu kwanza, na usiifute. Iache kikashani wakati unafanya kazi nitakayokueleza. Mtoto mwambie wazi: "Hatujakataa, tunahakikisha." Ukikaa kimya atadhani mmeshaamua, na mtoto anayedhani ameshanyang'anywa kitu hutafuta njia yake mwenyewe ya kukipata.

Hayo maombi matatu, kila moja linaweza kutoka kwa mtoto asiye na hila hata chembe. Mtoto wa miaka 12 huiona barua pepe kitu cha kizamani, sare za nchi nyingine zinamvutia, na zawadi ni zawadi tu. Lakini mtu mzima mwenye nia mbaya naye huanza na hayo hayo: amtoe mtoto mahali panapoonekana, apate picha inayotaja shule, ajue anapolala. Ukisoma barua peke yake hutaweza kuwatofautisha, hata uisome mara ishirini. Kwa hiyo usijenge uamuzi juu ya kubahatisha. Jenga njia ya barua iliyo salama hata kama anayeandika si yule anayejitaja. Njia ikishakaa sawa, mtoto ataweza kuandika kwa uhuru mwingi tu. Wazazi wengi hufanya kinyume: wanambana mtoto kwenye kalamu, usiseme hiki, usiseme kile, na njia yenyewe wanaiacha wazi.

Tuanze na kuhakikisha. Hapo anza na shule, si na mtoto. Usitumie namba wala anwani yoyote iliyo ndani ya barua za huyo rafiki, kwani anayedanganya jina atakupa pia namba ya "mwalimu" wa uongo. Tafuta mwenyewe tovuti ya shule ile, au orodha ya shule inayotolewa na mamlaka ya elimu ya nchi ile, uchukue anwani ya ofisi humo. Kama yule mwalimu aliyehamishwa bado anapatikana, muulize aliwasiliana na nani na kwa anwani ipi. Huo ndio uzi wa kuaminika kuliko yote, kwa sababu ulikuwepo kabla ya maombi haya kuanza. Barua yako kwa shule iwe fupi, kama hivi:

"Mimi ni mzazi wa mwanafunzi aliyeshiriki mpango wa kuandikiana barua kati ya shule zetu mwaka jana. Mtoto wangu anaandikiana na mwanafunzi wenu (weka jina la kwanza na darasa). Siombi taarifa zake. Naomba mfikishe barua pepe yangu kwa mzazi au mlezi wake, ili sisi wazazi tuzungumze kabla watoto hawajaendelea."

Hayo maneno "siombi taarifa zake" yana kazi. Shule makini haitoi habari za mwanafunzi kwa mtu wa nje, na ukiomba uthibitisho wa moja kwa moja huenda ukanyamaziwa. Ukiomba ujumbe ufikishwe, unampa mwalimu jambo analoweza kulifanya bila kuvunja utaratibu. Jina kamili la binti yako usiliweke, wala picha, wala nakala za barua.

Wape wiki mbili, lakini kwanza tazama kalenda. Shule nyingi za kaskazini mwa dunia hufungwa Julai na Agosti, na nyingi za kusini hufungwa Desemba na Januari. Ukimya wa likizo usiuhesabu kuwa jibu.

Mzazi akijitokeza, ombeni simu ya video ya dakika 10: wazazi kwanza, watoto waingie mwishoni wapungiane mikono. Usihangaike sana na sura. Video hurekodiwa mapema, sauti huigwa, na siku hizi hata uso hubadilishwa mtu akiwa anaongea. Unachotafuta ni kwamba mzazi huyo amekufikia kupitia shule uliyoitafuta wewe, na kwamba anajua barua hizi zipo na ana la kusema kuhusu namna zinavyotumwa. Mzazi wa kweli mara nyingi ana wasiwasi kama wako, kwa hiyo atakuuliza maswali mpaka ujisikie unahojiwa, na hiyo ni dalili njema. Asiyeuliza chochote, ambaye kamera yake imeharibika leo na keshokutwa tena, na anayesisitiza watoto "waachwe tu waongee", naye mmalizane hapo hapo.

Kuna watakaokushauri uipakie picha ya huyo rafiki kwenye mtambo wa kutafuta picha mtandaoni. Ikitokea kwenye kurasa za watu wengine kwa majina mengine, umejua imeibwa. Isipotokea hujajua lolote, kwa kuwa picha iliyotengenezwa na kompyuta haikuwahi kuwepo popote.

Sasa njia yenyewe. Barua pepe yako binafsi isiendelee kutumika. Ina jina lako kamili, na ndiyo inayofungua akaunti zako nyingine zote. Fungua akaunti mpya ya barua hizi tu, kwa tarehe yako ya kuzaliwa wewe mtu mzima. Usimwongezee mtoto umri ili afungue yake. Huduma nyingi zimeweka mpaka wa miaka 13, kwa kuwa sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inadai kibali cha mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya umri huo. Umoja wa Ulaya umeweka 16, na kila nchi mwanachama inaruhusiwa kushusha hadi 13. Mtoto aliyejiongezea umri hupewa mipangilio ya wakubwa, na ulinzi uliowekwa kwa ajili yake unampita kando.

Anwani isibebe jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa wala shule. Jina la ndege na neno jingine lolote yanatosha. Kisha kuna mahali ambapo wengi huteleza: jina la mtumaji. Anwani inaweza kuwa ya ndege, lakini juu yake kikasha cha mpokeaji kikaonyesha majina matatu uliyoyajaza siku ya kufungua akaunti. Libadilishe, halafu ujitumie barua kwenye akaunti yako nyingine uone mpokeaji anaona nini hasa. Picha ya akaunti iache tupu. Namba ya kurejesha akaunti iwe yako, na uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe. Kwenye mipangilio zima upakuaji wa picha wa moja kwa moja, kwa sababu picha iliyohifadhiwa kwenye seva ya mtu mwingine, ikifunguka, inaweza kumjulisha barua imesomwa saa ngapi na kwa anwani gani ya intaneti, na anwani hiyo hutaja eneo kwa makadirio.

Lipo na kosa dogo la kuudhi. Tableti ya familia ina akaunti tatu, mtoto anabofya kujibu, na barua inaondoka kwa akaunti ya kazini ya baba, ikiwa na saini ya moja kwa moja yenye cheo chake, simu yake na jengo la ofisi. Akaunti ya barua ikae kwenye kifaa kimoja, na kubofya "tuma" iwe kazi ya mtu mzima.

Kuhusu kuhamia kwenye programu ya ujumbe, jibu ni hapana kwa sasa, hata mwenzake akithibitika. Programu hizo nyingi hufungwa kwa namba ya simu, kwa hiyo kumkaribisha rafiki ni kumpa namba. Zinaonyesha mtu yuko hewani saa ngapi. Ujumbe unaweza kuwekwa ujifute wenyewe. Zaidi ya yote, mazungumzo ya sekunde hayana nafasi ya mtu kusoma kabla ya kutuma. Barua ina ucheleweshaji wake wa asili, na huo ni ulinzi usiolipiwa. Wekeni mwendo: barua moja kila wiki mbili, iandikwe leo, ilale, isomwe kesho, ndipo iende. Mtu mzima aliyekuja kwa haraka zake hataustahimili mwendo huo. Mtoto atanung'unika barua mbili za kwanza, kisha atazoea.

Ushauri mwingi huharibikia kwenye yaliyomo ndani ya barua. Mtoto hupewa orodha ya mambo ishirini ya kutosema, anaishia kuandika mistari minne kuhusu mvua na jua, na rafiki anachoka. Mpe kanuni moja inayokumbukika: nini, kwa nini na ilikuwaje, aseme atakavyo. Wapi hasa na lini hasa, hapana. Na safari isimuliwe watu wakisharudi.

Jambo moja peke yake halina madhara. "Naogelea" si kitu. "Naogelea kila Jumanne" bado. Bwawa likitajwa jina, na ikasemwa kuwa dada ndiye anayekuja kumchukua lakini huchelewa nusu saa, mtu asiyewajua ameshapata mahali, siku, na dakika 30 za mtoto akiwa peke yake. Huenda hayo yalisemwa kwenye barua tatu tofauti, kila moja ikionekana safi. Ndiyo maana unaposoma barua mpya, zile za nyuma ziwe karibu. Na kazi yako ya kwanza jioni hii iwe kusoma zote zilizokwisha kwenda, uandike pembeni nini kimeshatajwa. Kama shule na saa za kutoka zimo, badilisheni utaratibu wa kurudi nyumbani wakati mnasubiri majibu ya shule ile.

Chukua aya kama hii, ambayo mtoto wa umri wake anaweza kuiandika bila kuwaza:

"Shule yetu iko nyuma ya kituo cha mabasi. Tunatoka saa tisa na nusu, mimi narudi peke yangu kwa njia ya mkato kwa sababu mama anafika nyumbani saa kumi na mbili. Jumamosi ijayo tunasafiri wiki mbili, nyumbani hakutakuwa na mtu."

Usiende nayo kwa kalamu nyekundu. Muulize: njiani unaona nini? Unasikia nini? Nani alikuchekesha wiki hii? Kisha aandike upya kwa mkono wake:

"Njia ya kutoka shule ni fupi lakini mimi huirefusha. Kuna mti ambao kunguru wanaugombania kila jioni. Mmoja ana bawa bovu, na ndiye mwenye kelele kuliko wote. Tumempa jina la mtu mmoja mkali tunayemjua, silitaji. Kwenu kuna ndege wagomvi?"

Ya pili haina shule, haina saa, haina nyumba tupu. Na ndiyo itakayojibiwa kwa raha, kwa sababu imeacha swali ambalo mwenzake analiweza.

Majina ni ya kwanza tu, au ya utani, pande zote mbili. Umri hauna shida, ila tarehe kamili ya kuzaliwa isikae pamoja na jina kamili. Jihadharini pia na yale maswali ya "tujuane" yanayozunguka mtandaoni: mnyama wako wa kwanza aliitwa nani, ulianza shule ipi, jina la ukoo wa mama kabla ya ndoa. Hayo ndiyo maswali ambayo baadhi ya huduma huuliza mtu anapodai amesahau nywila. Sijui nani aliyaona yanafaa kwa watoto.

Picha ya sare, hapana. Nembo ya kifuani ikikuzwa inasomeka, na nembo ina jina la shule. Wazazi mkishajuana na kukubaliana, apigwe picha ndani ya nyumba, mbele ya ukuta mtupu, akiwa na nguo za kawaida. Kabla ya hapo atume mchoro wa uso wake aliojichorea, au picha ya mkono wake umeshika kitu anachokipenda, au viatu vyake vilivyochakaa. Mtoto hufurahia fumbo la namna hiyo kuliko unavyodhani.

Picha yoyote, hata ya ukurasa wa barua iliyoandikwa kwa mkono, inabeba ndani ya faili lake tarehe, saa na aina ya simu, na kama kamera imeruhusiwa kutumia eneo, inabeba pia nukta za ramani za mahali ulipokuwa umesimama. Barua pepe huipeleka kama ilivyo. Programu nyingi za ujumbe huondoa taarifa hizo zinapoibana picha, lakini ukituma kama faili badala ya picha zinaenda nazo. Zima ruhusa ya eneo kwenye kamera. Picha za zamani zifungue, piga picha ya skrini, kata kingo, utume hiyo ya skrini. Na kabla ya kutuma tazama pembe nne: bahasha ya benki mezani, daftari lenye jina la shule, namba ya gari dirishani, kioo kinachoonyesha chumba kizima.

Zawadi. Fedha, vocha, salio na namba za siri za michezo haviingii kabisa, kutoka upande wowote. Kifurushi cha bidhaa kinachovuka mpaka mara nyingi hudai fomu ya forodha yenye majina na anwani za pande zote mbili, pamoja na kilichomo na thamani yake, kwa hiyo hata anayetuma anajianika. Kama wazazi mmeridhiana, tumieni sanduku la posta la shule au la kazini kwa ruhusa, na jina juu ya bahasha liwe la mtu mzima. Watumiane vitu bapa vya karatasi: mchoro, alamisho ya kitabu, stempu zilizotumika. Karatasi moja ya A4 ya kawaida, ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ina uzito wa gramu 5 hivi. Ngazi ya kwanza ya nauli ya barua katika nchi nyingi ni gramu 20, kwa hiyo karatasi tatu na bahasha nyepesi ndiyo kipimo. Mbegu na majani makavu yaacheni, nchi nyingi huyazuia mpakani.

Umeuliza kuhusu haki yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ibara ya 16, unalinda faragha ya mtoto pamoja na mawasiliano yake. Ibara ya 5 ya mkataba huo huo inatambua haki na wajibu wa mzazi kumwongoza mtoto kadiri uwezo wake unavyokua. Kwa mtoto wa miaka 11, kusoma ni sawa, mradi usome waziwazi. Yeye ajue, na mwenzake ajue. Ukisoma kwa siri atakugundua siku moja, na baada ya hapo atafungua njia usiyoijua, ambayo ndiyo hatari yenyewe. Barua ikija aifungue yeye, aisome kwanza, kisha msome pamoja. Unapopitia yake, gusa mambo matatu tu: mahali, saa, na sura. Tahajia si kazi yako hapo. Akiandika kwamba amekukasirikia, nyamaza, iende hivyo hivyo. Ukimkosoa hisia mara moja tu, barua zote zijazo zitakuwa zimeandikwa kwa ajili yako.

Akikua, legeza. Akiwa na miaka 13 au 14 na mwenzake mnamjua, inatosha uone barua inapotoka na inapoingia, na yeye akuite akiona jambo.

Na mfundishe mambo ya kukuita. Mtu akisema "hii iwe siri yetu", yaani siri isiyo na siku ya kufunguliwa. Akiuliza "uko na nani sasa hivi?" Akisifia mwili wake. Akisema mama yako hakuelewi, mimi ndiye ninayekuelewa. Akiomba namba ya tarakimu sita iliyoingia kwenye simu, kwani hiyo ni ya kuteka akaunti. Akiomba picha ya mwili, hata kwa mzaha. Mwambie mapema kwamba akikuletea jambo kama hilo, hutamnyang'anya kifaa kwa sababu ya kukuambia. Hofu ya kunyang'anywa ndiyo inayowafanya watoto wakae na jambo zito kwa miezi.

Kama kuna picha iliyokwisha kwenda na mtu anatishia kuisambaza, msilipe na msitume nyingine, maana anayelipwa hurudi. Msifute mazungumzo. Pigeni picha za skrini zinazoonyesha jina la akaunti, tarehe na saa, kisha ndipo mzuie na kumripoti kwenye huduma husika na polisi. Picha ya utupu ya mtoto usiitume kwa mtu yeyote hata kama ushahidi, si kwa shangazi wala kwa mwalimu. Iache kwenye kifaa, polisi waione hapo. Kwa picha za mtu aliye chini ya miaka 18 kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down, ya NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa. Inatengeneza alama ya kidijitali ya picha bila picha kutoka kwenye simu yako, na mitandao iliyojiunga huitumia alama hiyo kuisaka na kuiondoa. Namba ya bure ya msaada kwa watoto ni 116 kwa Kenya, Tanzania na Uganda, na 116 111 katika nchi nyingi za Ulaya.

Turudi kwenye barua iliyo kikashani. Shule ikishawaunganisha na mzazi, binti yako ajibu mwenyewe, kwa maneno yake, bila kumtupia mwenzake lawama. Kitu cha namna hii:

"Nimechelewa kukujibu kwa sababu wazazi wetu walikuwa wanatafutana. Tutaendelea na barua, kila wiki mbili. Mama anasoma, najua hupendi, lakini hasahihishi kitu. Picha ya sare siwezi, nimekuchorea uso wangu, masikio nimeyakosea kidogo. Zawadi yako iwe kitu cha kuingia kwenye bahasha. Nadhani unajua kuchora kuliko mimi."

Shule ikijibu kwamba mwanafunzi kama huyo hawamjui, wape pia zile anwani na majina yanayotumika, kwa sababu huenda kuna watoto wao nao wanaandikiwa na mtu huyo. Hapo mtoto wako hajibu tena hata neno la kuaga. Kuaga humpa yule mtu nafasi ya kubembeleza. Chapa barua zote umkabidhi mtoto azihifadhi, zile alizoandika ni kazi yake halali, kisha hifadhi nakala kwa ajili ya polisi kabla ya kuifunga akaunti. Atahitaji kusikia kwamba hakukosea kumpenda rafiki, na mapema tu mwalimu wake wa sasa aombwe amtafutie mwingine kupitia shule.

Baba yake usibishane naye. Wasiwasi wake una msingi, ila amri ya kufunga leo haimfundishi mtoto kitu cha kesho. Mpe kazi: yeye ndiye aandike ile barua kwa shule, na yeye ndiye akae kwenye simu ya video na mzazi mwenzake. Kama baada ya dakika hizo 10 bado hajaridhika, basi hamuendelei mpaka aridhike. Aandike maswali yake mapema, la kwanza likiwa hili: nani, kwa upande wenu, anabofya "tuma"?